Schalke Hawakuibiwa: Maungamo ya Mwandishi wa Michezo

Kwa miaka mingi nimewapotosha watu kuhusu msimu mmoja wa ligi kuu ya Ujerumani, ule wa 2000–01. Nimewapotosha gazetini, redioni na vijiweni, mbele ya vijana ambao mwaka ule walikuwa hawajazaliwa. Nilichokuwa nikisema ni kwamba Jumamosi ya tarehe 19 Mei 2001, mjini Hamburg, refa Markus Merk aliwanyang'anya Schalke 04 ubingwa wao akawapa Bayern München. Laiti ningesema alikosea, leo ningekuwa na pa kujitetea. Nilisema aliiba.

Naifuta kauli hiyo. Lakini kuifuta kwa mstari mmoja ni kujirahisishia, maana nimeifaidi kwa muda mrefu. Kwa hiyo nitaeleza nilivyoipata, nilivyoitia chumvi, na lile linaloniuma kuliko yote: nilivyoendelea nayo hata baada ya kuonyeshwa kwamba haina msingi.

Kwanza niisimulie kama nilivyozoea, msomaji auonje utamu wake.

Schalke ni timu ya Gelsenkirchen, mji uliokuwa wa wachimba makaa ya mawe katika eneo la Ruhr. Mara ya mwisho kuwa mabingwa wa Ujerumani ilikuwa 1958, kabla hata Bundesliga haijaanzishwa mwaka 1963. Siku ile ya kufunga msimu walikuwa wakicheza mechi yao ya mwisho ya ligi katika Parkstadion, kwani uwanja mpya ulikuwa tayari ukiwasubiri jirani. Bayern walikuwa Hamburg, nao walihitaji sare tu. Schalke walitakiwa washinde, kisha waombe Mungu Bayern wafungwe.

Wageni wa Schalke walikuwa Unterhaching, timu ndogo ya viunga vya München iliyokuwa ikipigania kubaki ligi kuu. Unterhaching wakatangulia 2–0. Schalke wakarudisha yote mawili kabla ya mapumziko. Unterhaching wakaongoza tena, 3–2. Ndipo Jörg Böhme akafunga mawili ya harakaharaka, na Ebbe Sand akamalizia kazi dakika za lala salama: 5–3. Karibu wakati huohuo, kule Hamburg, saa ikisoma dakika ya 90, Sergej Barbarez akaruka akamfunga Oliver Kahn kwa kichwa. Bayern wako nyuma 1–0! Mpira wa Gelsenkirchen ukaisha, mashabiki wakamiminika uwanjani, na mwandishi mmoja wa televisheni akamwambia Andreas Müller, meneja wa timu ya Schalke, mbele ya kamera, kwamba na Hamburg kumekwisha. Wazee kwa vijana wakakumbatiana wakilia.

Kumbe Hamburg mpira ulikuwa bado unachezwa. Watu walewale waliokuwa wakilia kwa furaha waliinua macho kwenye skrini kubwa ya uwanja wakamwona Tomáš Ujfaluši, beki wa Hamburg, akiugusa mpira kwa mguu kuelekea langoni kwake. Kipa Mathias Schober akaudaka kwa mikono. Merk akapuliza kipyenga: pigo huru lisilo la moja kwa moja, ndani ya boksi, dakika ya nne ya nyongeza. Stefan Effenberg akausukuma kidogo. Patrik Andersson, beki wa Kiswidi ambaye alikuwa hajaifungia Bayern bao hata moja la ligi, akauchapa chinichini ukapenya katikati ya miguu ya watu. 1–1. Kahn akang'oa bendera ya kona akaanguka nayo chini kwa furaha. Bayern wakamaliza na pointi 63, Schalke 62. Wajerumani wakawapa Schalke jina la mabingwa wa mioyo, na Rudi Assauer, bosi wa soka wa klabu hiyo, akasema haamini tena kama yuko Mungu wa mpira.

Hadi hapo nilikuwa sijasema uongo. Uongo ulianza nilipofika kwenye maelezo, na nilikuwa na maelezo ya aina tatu.

La kwanza, dakika zile za nyongeza zilitungwa ili Bayern wapate bao. La pili, Ujfaluši hakurudisha mpira. Alikuwa akiuokoa tu, na refa alijua hivyo. La tatu nililiacha hadi mwisho na kulisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri: Schober, kipa aliyeudaka mpira ule, alilelewa Schalke. Baada ya hapo sikuhitaji kusema zaidi. Wasikilizaji walimalizia wenyewe.

Kisha nikafunga kwa hitimisho ambalo hakuna shabiki wa Tanzania anayelipinga: timu kubwa hubebwa. Hapa kwetu, Simba akishinda kwa penalti, mashabiki wa Yanga wanasema kabebwa. Yanga akishinda kwa bao la dakika za nyongeza, wa Simba wanasema vilevile. Sikuwa na kazi ya kumshawishi mtu. Walikuwa wanaamini tayari. Mimi nilikuwa nawaletea ushahidi kutoka Ulaya kwamba hata kwa Wajerumani, watu wanaosifiwa kwa kufuata taratibu, mambo ni yaleyale.

Niliipata wapi hadithi hii? Nitasema ukweli: sikuwa nimeitazama mechi ya Hamburg kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimeona vipande. Bao la Barbarez, mpira mikononi mwa Schober, Andersson, bendera ya kona, machozi ya Gelsenkirchen. Vipande hivyo vyote vinaanzia dakika ya 90, na mtu anayejifunza msimu kwa namna hiyo huamini kwamba msimu ulianza dakika ya 90. Tena nilikuwa na mapenzi. Schalke walikuwa wameniteka tangu 1997, walipowafunga Inter kwa penalti palepale Milano wakachukua Kombe la UEFA. Aliyefiwa akilia, humkatizi kilio umuulize marehemu alikuwa anaumwa nini. Nilijiona kama mfiwa, na kwa hiyo sikuuliza.

Muda si mrefu baada ya makala yangu ya kwanza kutoka, nilipata barua. Iliandikwa kwa mkono na mzee mmoja aliyewahi kuchezesha mechi za ligi hapa nchini. Haikuwa na matusi. Aliniita mwanangu, akanisifu kwa lugha, kisha akauliza swali moja: "Na ile mechi ya Stuttgart umeiacha wapi?" Chini yake akaongeza kwamba yeye pia amewahi kuitwa mwizi, mbele ya watoto wake, na aliyemwita hivyo hakuwahi kuisoma sheria hata ukurasa mmoja.

Sikumjibu. Niliikunja barua ile, nikaitia kwenye droo ya meza yangu. Kilichofuata ndicho kinachonifanya niite maandishi haya maungamo wala nisiyaite masahihisho. Niliporudi redioni niliisimulia hadithi ileile, na safari hii nikaitia kionjo kipya: nikasema kuna wasomaji walionikasirikia kwa sababu ukweli unauma. Nilimgeuza mtu aliyenisaidia kuwa ushahidi wa ushujaa wangu. Kabla ya barua nilikuwa mjinga, na mjinga husamehewa. Baada ya barua nilikuwa najua kwamba kuna mlango sijaufungua, nikaamua usifunguliwe.

Mlango ulikuja kufunguka mwaka 2021. Schalke walikuwa wameshuka daraja kwa aibu, wamevuna pointi 16 tu msimu mzima, wameshinda mechi 3 kati ya 34. Nikaombwa niandike historia ya kuanguka kwao. Nikapanga kuanza na wizi wa 2001, nionyeshe kwamba siku ile ndiyo iliyowavunja mgongo. Safari hii nilitaka makala iwe na uzito, nikakaa na matokeo ya msimu ule raundi kwa raundi. Nilipofika raundi ya 33, nilikutana na swali la mzee.

Tarehe 12 Mei 2001, wiki moja kabla ya Hamburg, Schalke na Bayern walikuwa sawa kwa pointi, 59 kwa 59. Schalke ndio waliokuwa kileleni, kwa tofauti ya mabao. Ubingwa ulikuwa mikononi mwao wenyewe. Walisafiri kwenda Stuttgart kucheza na timu iliyokuwa ikihangaika chini ya msimamo. Kocha wao, Mholanzi Huub Stevens, alijulikana kwa falsafa moja kubwa: kwanza usifungwe. Siku ile Schalke walicheza kwa tahadhari ya mtu aliyebeba mayai, na hadi dakika za mwisho ubao ulisoma 0–0. Dakika ya 90, Mbulgaria Krassimir Balakov akaifungia Stuttgart. Karibu kwa sekunde zilezile, mjini München, Alexander Zickler aliyeingia kutoka benchi aliifungia Bayern bao la 2–1 dhidi ya Kaiserslautern. Mabao mawili katika viwanja viwili, na timu zilizokuwa sawa zikaachana kwa pointi 3.

Nikachukua kalamu. Tuseme Balakov amekosa. Schalke wanapata sare Stuttgart, wanafikisha pointi 60. Wiki inayofuata wanawafunga Unterhaching kama walivyowafunga, wanafika 63. Bayern, pamoja na bao lao lote la Andersson, pamoja na Merk na dakika zake za nyongeza, wanamaliza na 63. Schalke wana tofauti ya mabao 31, Bayern 25. Bingwa ni Schalke.

Tuseme Zickler ndiye aliyekosa. Bayern wanamaliza na 61. Bingwa ni Schalke.

Kwa hiyo yalikuwepo mabao matatu ya dakika za mwisho, na kila moja, kwa uzito uleule, liliondoa kombe Gelsenkirchen. Mimi nilikuwa nikisimulia moja tu, lile lililokuwa na refa wa kulaumiwa. Balakov na Zickler hawakuwa na mtu wa kumwita mwizi, ndiyo maana hadithi yangu haikuwa na haja nao.

Hesabu ikanitia hamu, nikaendelea kurudi nyuma. Nikafika tarehe 7 Aprili, Borussia Dortmund dhidi ya Bayern. Mechi ile iliingia katika historia ya Bundesliga kwa wingi wa kadi. Refa Hartmut Strampe alitoa za njano 10, akamtoa Bixente Lizarazu wa Bayern kwa njano ya pili, akamtoa Effenberg wa Bayern kwa nyekundu, na Evanilson wa Dortmund naye kwa nyekundu. Bayern walibaki 9 uwanjani, ugenini, katika uwanja wa Dortmund, wakang'ang'ania sare ya 1–1. Pointi moja. Mwisho wa msimu walimzidi Schalke kwa pointi ngapi? Moja. Nilipokuwa nikipiga kelele kwamba Bayern walibebwa, pointi iliyowapa ubingwa waliitoa jasho wakiwa pungufu watu wawili, wote wametolewa na refa.

Wiki moja baadaye, tarehe 14 Aprili, Schalke walikwenda München na kuwafunga Bayern 3–1, mabao yote matatu ya Ebbe Sand. Matokeo hayo niliyajua, lakini nilikuwa nikiyatumia kama ushahidi kwamba Schalke walistahili. Kumbe yanasema zaidi ya hapo. Timu iliyoweza kwenda kumfunga Bayern nyumbani kwake mwezi Aprili ilikuwa na uwezo wote wa kumaliza kazi yenyewe bila kumsubiri mtu Hamburg. Katika mechi 34 Schalke walipoteza 8 na kutoka sare 8. Bayern walipoteza 9, mojawapo mbele ya Energie Cottbus, timu iliyokuwa imepanda daraja msimu huohuo. Ni nadra kwa bingwa wa Ujerumani kupoteza mechi nyingi kiasi hicho. Kombe la mwaka ule lilikuwa limeachwa mezani kwa miezi tisa likimngoja mwenye kulichukua, na Schalke walipita mbele yake mara nyingi wakaliacha.

Zikabaki zile hoja zangu tatu.

Ya dakika za nyongeza haikunichukua muda. Barbarez alifunga dakika ya 90. Wachezaji wa Hamburg walishangilia, na kushangilia huko kulikula muda, na muda unaoliwa refa anatakiwa aufidie. Nilikuwa nikiuliza dakika zile zimetoka wapi wakati sehemu yake ilitokana na sherehe ileile niliyokuwa nikiisimulia kwa furaha. Zaidi ya hapo, Merk hakuwa na namna ya kujua kwamba katika dakika hizo beki wa Hamburg atamrudishia kipa wake mpira. Kama ni njama, ni njama iliyohitaji Ujfaluši na Schober washiriki.

Hoja ya Ujfaluši ni ngumu zaidi, nami sitaki kuirahisisha upande wa pili baada ya kuirahisisha upande wa kwanza. Sheria ya kumkataza kipa kudaka mpira anaorudishiwa kwa mguu ilianza 1992, ili kuua ule mtindo wa timu inayoongoza kupoteza muda kwa kumrudishia kipa mpira bila kikomo. Sheria inataka mchezaji awe ameupiga kwa makusudi. Makusudi yamo ndani ya kichwa cha mtu, na refa hana pa kuyasoma isipokuwa kwenye mguu. Watu wanaoijua kazi hiyo wamebishana kuhusu mguu wa Ujfaluši tangu siku ile. Merk aliona makusudi, akapuliza, na hadi leo anausimamia uamuzi wake. Unaweza kumpinga. Lakini kumpinga refa katika jambo ambalo sheria yenyewe imemwachia apime ni mbali kabisa na kusema alikuja uwanjani na ubingwa wa mtu mfukoni. Mimi niliuruka umbali wote huo kwa sentensi moja. Na refa niliyekuwa nikimsema ni yule ambaye mwaka 2004 alipewa fainali ya Kombe la Ulaya, Ureno na Ugiriki, akaichezesha.

Tena nilisahau kuwaambia watu kwamba pigo lile lilikuwa bado halijawa bao. Hamburg walijaza wachezaji mbele ya lango. Mpira ulitakiwa uguswe na mtu mwingine kwanza, kisha upite kwenye ukuta ule. Refa alitoa pigo. Aliyeupenyeza mpira hakuwa yeye.

La Schober ndilo linaloniaibisha kuliko yote. Ni kweli alitokea Schalke. Kutokana na kweli hiyo ndogo nilimjengea mtu shtaka bila kulitamka, na shtaka lisilotamkwa ni baya kuliko linalotamkwa, kwa sababu halina pa kujibiwa. Nilichotakiwa kukiona ni kinyume chake: kama yupo mtu uwanjani pale aliyeumia mara mbili, kama kipa wa Hamburg na kama mtoto wa Schalke, ni yeye. Schalke wenyewe hawakumwona msaliti. Miaka kadhaa baadaye walimrudisha klabuni. Waliofungwa walimpokea, huku mimi, niliyeko ng'ambo ya bahari na nisiyepoteza kitu, bado nikimsimanga.

Katika kurudi nyuma huko nilikutana na jambo jingine la msimu uleule ambalo, kama ningekuwa na akili, lingenifundisha mapema. Oktoba 2000, Christoph Daum, kocha wa Bayer Leverkusen, alikuwa ameshachaguliwa kuwa kocha ajaye wa timu ya taifa ya Ujerumani. Uli Hoeneß, meneja wa Bayern, akadokeza hadharani kwamba kuna mambo kuhusu Daum yanayopaswa kusafishwa kwanza, na kila mtu akaelewa kwamba anazungumzia dawa za kulevya. Watu wengi wakamgeukia Hoeneß: ana wivu, ana chuki, anamchafua mwenzake. Daum akakubali nywele zake zipimwe na kutangaza kwamba dhamiri yake ni safi. Majibu yalipotoka yalionyesha kokeini. Leverkusen wakaachana naye, akaondoka kwenda Marekani, kazi ya timu ya taifa ikapotea. Januari 2001 alirudi, akaketi mbele ya waandishi mjini Köln, akakiri.

Sisimulii hayo kumwonyesha Hoeneß kuwa malaika. Ninachokiona ni kwamba msimu ule wa Bundesliga ulikuwa umeshatoa funzo miezi saba kabla ya Hamburg: hukumu ya umma ilikuwa imeshakosea waziwazi mara moja, kwa sababu watu walihukumu kwa kuangalia nani wanampenda na nani hawampendi. Bayern hawapendwi. Kwa hiyo Oktoba mtu wa Bayern alionekana mzushi, na Mei refa aliyewapa Bayern pigo huru akaonekana mwizi. Nilitumia kipimo kilekile ambacho kilikuwa kimeshathibitika kuwa kibovu.

Kwa nini basi nilinyamaza baada ya barua? Nimejiuliza sana, na majibu ya heshima nimeyakataa moja baada ya jingine. Sikuwa na shughuli nyingi kiasi cha kushindwa kufungua msimamo wa ligi. Sikuwa nimeisahau barua. Nilikuwa nikiiona kila nilipovuta droo. Ukweli ni kwamba hadithi ya wizi ilinilipa. Ilinipa makofi, ilinipa mialiko, ilinifanya nionekane mtu asiyewaogopa wakubwa. Hadithi ya Stuttgart hainipi kitu. Ukimweleza mtu kijiweni kwamba timu yake ilikosa ubingwa kwa sababu ilijihami mno ugenini ikafungwa dakika ya mwisho, anakuangalia tu. Ukimwambia kaibiwa, anakununulia soda.

Na kuna uharibifu ambao siwezi kuufuta kwa makala. Hao vijana niliowasimulia wengine sasa ni makocha wa timu za mitaa, wengine ni waandishi. Nimewasikia wakizungumza. Timu ikifungwa, kitu cha kwanza wanachokitafuta ni refa. Hawaulizi beki alikuwa wapi, hawaulizi zile nafasi za kipindi cha kwanza, hawaulizi zile pointi zilizoachwa mikoani mwezi wa pili. Wanaanzia dakika ya 90, kama nilivyowafundisha. Sijidai kwamba tabia hiyo niliianzisha mimi, niliikuta. Lakini nilikuwa na kipaza sauti, na nilikitumia kuilisha.

Nilipomaliza hesabu zangu nilimtafuta mzee aliyeniandikia. Alikuwa hai, mzima wa afya, anaishi kwa mwanawe. Nilimwamkia, nikatoa barua yake, nikamwambia, "Mzee, nimekuja kuomba radhi. Swali lako lilikuwa sahihi, na mimi sikukujibu."

Aliitazama barua kama mtu anayetazama mwandiko wa mwingine. Kisha akasema, "Mimi hukunikosea kitu, mwanangu. Kutojibiwa nimezoea. Wale uliowaambia ndio uwaendee. Umewaambia?"

Nikasema bado.

"Basi unaniomba radhi mimi kwa sababu ni rahisi."

Alikuwa sahihi tena. Ndiyo maana nimeyaandika haya pale palipokuwa na uongo wangu, mbele ya macho yaleyale.

Kwa hiyo, kwa wote mlionisikia: msimu wa 2000–01 Bayern München walikuwa mabingwa wa Ujerumani kwa pointi 63, na hakuna aliyewapa. Siku 4 baada ya Hamburg walichukua pia ubingwa wa Ulaya dhidi ya Valencia mjini Milano, kwa penalti, ambapo Andersson, shujaa wetu wa dakika ya mwisho, alikosa ya kwake. Schalke nao hawakwenda kulala na machozi: wiki moja baada ya Hamburg walitwaa Kombe la Ujerumani kwa kuwafunga Union Berlin 2–0, Böhme tena, mabao yote mawili. Katika miaka yangu yote ya kuwalilia sikuwahi kulitaja kombe hilo hata mara moja, kwa sababu mtu aliyeibiwa haonekani vizuri akiwa na kombe mkononi.

Mapenzi yangu kwa Schalke hayajapungua. Na mtu akiniuliza kuhusu mguu wa Ujfaluši, nitamwambia kwamba kwa macho yangu hakukusudia kumrudishia kipa, na kwamba kama kipyenga kingekuwa changu nisingepuliza. Hayo ni maoni, nami nitayashikilia. Akiniuliza kama Merk aliiba, nitamjibu hapana, kisha nitamwomba akae, tuanze na Stuttgart.